Mke wa Balozi: Nani Aliubeba Ujamaa Upareni?

Kila mwaka ifikapo Februari 5, wasomi na wanasiasa wetu hukumbuka kwamba tarehe kama hiyo, mwaka 1967, Azimio la Arusha lilitangazwa, na kwamba miaka 10 baadaye, tarehe hiyo hiyo, Chama cha Mapinduzi kilizaliwa. Hapo makongamano huanza, na kambi hujigawa kama kawaida. Kambi ya kwanza husema tulikuwa na dira tukaitupa. Kambi ya pili husema dira hiyo ndiyo iliyotufikisha kwenye foleni na njaa. Nimehudhuria makongamano hayo kwa zaidi ya miaka 20, mara chache mezani kama mtoa mada, mara nyingi ukumbini kama msikilizaji. Nimesikia habari za mabenki yaliyotaifishwa, za mashamba ya mkonge, za miiko ya viongozi na za Operesheni Vijiji. Sijapata kumsikia mtu akiuliza nani alipika siku kamati ilipokutana, wala nani aliandika majina ya waliostahili sukari. Leo nataka kuuliza swali hilo, na nataka kuliuliza nikiwa mahali ninapopajua: kijiji kimoja cha milimani, juu ya Same, ambako baba yangu alikuwa balozi wa nyumba kumi.

Kwa wasomaji waliozaliwa baada ya vyama vingi kurejeshwa mwaka 1992, yafaa nieleze kidogo. Mfumo wa nyumba kumi uliasisiwa na TANU katikati ya miaka ya 1960. Kila nyumba kumi, au karibu na hapo, zilikuwa na kiongozi wake, naye watu walimwita balozi. Chama kilikuwa kimoja, na serikali ilikuwa ya chama hicho, kwa hiyo balozi alikuwa mlango wa kwanza wa dola. Ugomvi wa mpaka wa shamba ulianzia kwake. Mgeni aliyelala kijijini alitambulishwa kwake. Mtoto aliyetakiwa shule, kijana aliyetaka barua ya kwenda kutafuta kazi mjini, mjane aliyedhulumiwa mbuzi, wote walipita mlangoni pake. Ukitaka kuijua siasa ya wakati ule jinsi ilivyoishi ndani ya watu, usianzie Dodoma wala Dar es Salaam. Anzia ugani kwa balozi.

Sasa, baba yangu alikuwa fundi seremala. Siku nyingi za juma alikuwa bondeni, mara Same mjini, mara Makanya, akitafuta fedha ya karo na ya kodi. Alipanda mlimani Ijumaa jioni na kuteremka tena Jumapili. Ubalozi, hata hivyo, haukuwa na siku za mapumziko. Aliyepokea wageni ni mama. Aliyewakalisha wagomvi kwenye kigoda, akawapa maji ya kunywa, akasikiliza kesi mpaka jua likazama, ni mama. Wapare tunataniwa nchi nzima kwa kupenda kesi, na sikatai. Nasema tu kwamba kesi nyingi za nyumba zetu kumi zilimalizwa na mwanamke aliyekuwa akichambua maharage ya makande huku akihoji mashahidi. Baba alipofika Ijumaa alipewa taarifa, akatia saini. Watu walisema, “Balozi ameamua.”

Mama alikuwa amejifunza kusoma akiwa mtu mzima, katika madarasa ya kisomo. Hili ni jambo ambalo wanaoubeza Ujamaa hawana budi kulikubali: mwaka 1967 karibu theluthi mbili ya watu wazima wa nchi hii hawakujua kusoma; muongo mmoja baadaye walikuwa wamebaki kama robo hivi. Wengi wa waliokaa kwenye madawati yale jioni, na watoto mgongoni, walikuwa wanawake. Mama alipata daftari lake na penseli yake kutoka kwa dola ya Ujamaa, na mimi sitalisahau hilo. Ninalotaka kusimulia ni kile kilichompata alipolitumia daftari hilo kwa kazi ya dola hiyo hiyo.

Miaka ya mwanzo ya 1980 ilikuwa migumu. Vita vya Kagera vilikuwa vimeisha mwaka 1979, lakini mkanda tulioambiwa tufunge haukulegezwa. Mpaka wa Kenya ulikuwa umefungwa tangu mwaka 1977, na kwetu sisi ambao Taveta si mbali, kufungwa kwake kulimaanisha njia za panya, mizigo ya usiku na hofu ya kukamatwa. Sabuni, sukari, mafuta ya kula, khanga, vyote viliadimika. Vilipofika duka la kijiji viligawiwa kwa kaya, na orodha ya kaya ilitoka kwa mabalozi. Orodha ya nyumba zetu kumi iliandikwa na mama, kwa mwandiko wake mkubwa wenye kuinamia kushoto, kisha baba akaweka jina lake chini.

Katika nyumba hizo palikuwa na mjane, ambaye kwa hesabu rasmi alikuwa chini ya kaya ya shemeji yake. Palikuwa pia na mzee mwenye wake wawili, kila mke na jiko lake, shamba lake na watoto wake, lakini kwa hesabu rasmi wote walikuwa kaya moja, kwa kuwa mwanamume ni mmoja. Kila mgao ulipofika, shemeji alichukua sukari, na mjane alisubiri huruma. Mke mdogo naye alisubiri zamu ambayo haikufika. Siku moja mama alichukua penseli akaongeza mistari miwili. Mjane aliandikwa kwa jina lake. Mke mdogo aliandikwa kwa jina lake. Nyumba kumi zikawa na kaya kumi na mbili.

Haikupita muda baba akaitwa mbele ya kikao. Kiongozi mmoja, ambaye sina haja ya kumtaja na ambaye ametangulia mbele ya haki, alimuuliza kaya hizo mbili za kubuni zimetoka wapi, katika wakati ambapo wahujumu uchumi wanasakwa nchi nzima. Ulikuwa mwaka 1983, na neno hilo lilikuwa la kutisha. Watu walikuwa wakiwekwa ndani. Nilikuwa mtoto wa shule ya msingi, nimesimama nje ya dirisha na wenzangu. Nilimsikia baba akijibu kwa sauti ya chini kwamba orodha iliandikwa na mke wake, na kwamba mke wake hajui kuandika vizuri. Kikao kikacheka. Mistari ile miwili ikakatwa kwa kalamu nyekundu, na mambo yakaisha hapo.

Nimeishi na kicheko kile kwa miaka 40. Simlaumu baba kwa wepesi. Alikuwa na hofu, na alikuwa na watoto. Tena najua kwamba tangu siku ile, mgao ulipofika, yeye mwenyewe alimega sehemu ya sukari yetu akampelekea mjane usiku. Lakini aliumega kama sadaka kitu ambacho mama alikuwa amekiandika kama haki. Tofauti ya mambo hayo mawili ndiyo siasa yote ninayotaka kuizungumzia hapa.

Wapo watakaosema kwamba huo ulikuwa ushamba wa viongozi wa chini, na kwamba kosa halikuwa la fikra. Turudi basi kwenye fikra. Katika sehemu inayohusu siasa ya kujitegemea, Azimio la Arusha linasema waziwazi kwamba wanawake wa vijijini wanafanya kazi kuliko mtu mwingine yeyote Tanzania, wakati mwingine saa 12 au 14 kwa siku, hata Jumapili na sikukuu. Wanaume wa vijijini, linasema, wako likizo nusu ya maisha yao, na nguvu zao zinapotea katika porojo, ngoma na ulevi. Miezi michache baadaye, katika andiko lake juu ya Ujamaa vijijini, Mwalimu Nyerere alikiri tena kwamba mila zetu zilimweka mwanamke chini na kumbebesha zaidi ya sehemu yake ya haki. Sijui vyama vingi tawala vya wakati ule, Afrika au Ulaya, vilivyothubutu kuyasema hayo kwa uwazi kiasi hicho ndani ya andiko lao kuu.

Kwa hiyo tatizo halikuwa kutoona. Chama kilimwona mwanamke. Tatizo ni kwamba baada ya kumwona kilimhesabu ndani ya kaya, na kaya ilikuwa na jina la mwanamume. Jasho lake liliingia kwenye hotuba, jina lake halikuingia kwenye orodha. Pale ambapo kitu kilitakiwa kufanywa, aliitwa yeye. Pale ambapo kitu kilitakiwa kugawiwa, aliitwa mumewe.

Milimani kwetu jambo hilo lilionekana vizuri zaidi kwa sababu, kwa sehemu kubwa, hatukuhamishwa kama ndugu zetu wa Dodoma au Kigoma. Tulikuwa tumeshabanana tayari kwenye miteremko, na vijiji viliandikishwa pale pale vilipokuwa. Tena hatukuhitaji kufundishwa kufanya kazi pamoja. Tulikuwa na msaragambo, kazi ya pamoja ya kuchimba njia, kuzibua mifereji na kutengeneza ndiva, yale mabwawa madogo yanayokusanya maji usiku ili yamwagiliwe mashambani mchana. Ujamaa ulipofika uliuvalisha msaragambo sare ya chama. Ratiba ya mama ikawa hivi: alfajiri maji na kuni, kisha majani ya ng'ombe wa ndani, kisha shamba letu, kisha siku zilizopangwa shamba la kijiji, jioni kisomo au mkutano, usiku jiko. Msaragambo wa zamani ulikuwa na upungufu wake, maana maji ya mfereji yalihesabiwa kuwa mambo ya wanaume. Ujamaa uliahidi kuurekebisha upungufu huo. Badala yake uliongeza kazi moja juu ya zile za zamani, ukamwita anayezifanya zote “mama shupavu”, ukampigia makofi.

Na makofi yenyewe alitakiwa ayapige yeye pia. Ukiangalia picha za zamani za ziara za viongozi, wanawake wa UWT wamejipanga kando ya barabara na khanga za chama, wakiimba. UWT iliundwa mwaka 1962, na ilifanya mengi ya maana. Lakini tusisahau kwamba kabla yake, toka mwaka 1955, Bibi Titi Mohamed aliwaingiza maelfu ya wanawake TANU kwa mdomo wake na miguu yake, wakati wanaume wengi waliosoma walikuwa wakiogopa kupoteza kazi za serikali. Vuguvugu lililojengwa na wanawake lilipogeuka dola, wanawake walibaki jumuiya ya chama, wakiwa na kazi ya kupokea wageni.

Mtu asije akadhani kwamba wanawake wa Upareni walikuwa wanangoja chama kiwafundishe siasa. Mwaka 1945 maelfu ya wanaume wa Kipare waliteremka Same, makao ya wilaya, wakapiga kambi kupinga kodi iliyoitwa mbiru. Historia hiyo iliandikwa vizuri na marehemu Profesa Isaria Kimambo. Wanaume walipokaa bondeni, wake zao walibeba mlima peke yao, na chakula cha kambi kilitoka mikononi mwao. Mwaka uliofuata, kule Usangi, Upare ya kaskazini, wanawake walimzingira mkuu wa wilaya wa Kiingereza. Wakamwambia amalize shauri ili waume zao warudi nyumbani, la sivyo yeye na wenzake wawape mimba wote, maana nyumba zimekaa bila wanaume. Nimewasomea wanafunzi wangu kisa hiki, na kila mwaka hucheka. Huwaambia wacheke, kisha wafikiri. Wanawake wale waliuambia ukoloni kwamba nyumba ni suala la dola, na kwamba anayevuruga jiko awajibike jikoni. Kodi ile ilishindwa. Ni bibi zao na mama zao hao walioambiwa, kizazi kimoja baadaye, kwamba hawajui kuandika orodha ya sukari.

Haya si ya Tanzania peke yake. Mwandishi wa Kroatia, Slavenka Drakulić, katika kitabu alichokitoa mwaka 1991 baada ya tawala za kikomunisti kuanguka Ulaya ya Mashariki, alieleza tawala hizo kwa kutazama jikoni na kwenye beseni la kufulia, si kwenye mikutano mikuu. Nchi zile ziliwapa wanawake ajira, shule na sheria sawa, kisha zikawaachia foleni, nguo na wazee. Sisi hatukuwa wakomunisti, na Mwalimu alilikataa wazo la vita vya matabaka tangu mwanzo. Lakini katika jambo hili moja tulifanana nao. Dola iliyojitangaza kuwa ya usawa iliendeshwa kila siku na kazi ambayo haikuihesabu.

Najua hoja zitakazoletwa dhidi yangu. Ya kwanza ni sheria. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 ilipiga marufuku mume au mke kumchapa mwenzake, na ikampa mke dai juu ya mali iliyochumwa pamoja. Ni kweli, na kwa wakati wake ilikuwa hatua kubwa. Lakini sheria hiyo hiyo iliruhusu binti kuolewa akiwa na miaka 15, na mvulana akasubiri 18, na ilichukua mpaka mwaka 2019 kwa Mahakama ya Rufani kusema kwamba jambo hilo halikubaliki. Mwaka 1983, mwaka ule ule wa kalamu nyekundu, Mahakama ya Rufani iliamua katika shauri la Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu kwamba kazi za nyumbani ni mchango katika kuchuma mali. Bi Hawa mwenyewe hakuambulia mgao, kwa kuwa mahakama iliona alikwisha kupata fedha kwa mumewe akazitapanya. Ila kanuni ilisimama, na bado inatumika. Laiti habari zake zingefika mlimani kwetu kabla ya kikao kile.

Hoja ya pili ni kwamba hayo yamepita. Nchi ina Rais mwanamke tangu Machi 2021. Jimbo la Same Mashariki lenyewe limewakilishwa bungeni na mwanamke, Anne Kilango Malecela. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inampa mwanamke haki sawa ya ardhi, na halmashauri ya kijiji lazima iwe na viti vya wanawake. Yote ni kweli, na hakuna hata moja lililokuja kwa bahati. Lakini nendeni kwenye kikao cha kijiji mkasikilize. Wanawake wamekaa upande mmoja, na mwenyekiti akitaka kujua idadi ya waliohudhuria huuliza ni kaya ngapi. Hati ya hakimiliki ya kimila inapoandaliwa, nafasi ya jina la pili mara nyingi hujazwa ikiwa tu kuna mtu aliyekumbusha. Mikopo ya halmashauri imetengewa wanawake asilimia 4 ya mapato ya ndani, na vikundi vyao hurejesha kwa jasho. Ila mwulize mwanakikundi fedha ilikwenda wapi, na mara nyingi utasikia ada, paa na hospitali, yaani mambo ya kaya. Bado anaitwa kwenye kazi. Kwenye mgao bado tunamwita mumewe.

Kwa hiyo swali la kama turudi kwenye Ujamaa au tusirudi naliona halijakamilika. Wanaotaka turudi watueleze kwanza orodha itaandikwa kwa jina la nani. Na wanaosema soko litatuokoa watueleze hilo hilo. Mimi nadai mambo mawili madogo. Kwanza, kila orodha ya kijiji, iwe ya pembejeo, ya ardhi, ya bima au ya chakula cha msaada, iandike watu wazima wote wa nyumba kwa majina yao, si kaya kwa jina la mkuu wake. Pili, vyuo vyetu vitume wanafunzi milimani na mabondeni, wawahoji wanawake waliokuwa watu wazima enzi zile wakati bado wapo. Wengi wao sasa wamepita miaka 75. Waliokuwa mabalozi tumekwisha kuwahoji. Tuwahoji waliofanya ubalozi.

Namaliza kwa kukiri kosa langu. Mama alipofariki, ndugu waliniachia mimi, kama msomi wa familia, kuandika wasifu wake wa kusomwa kanisani. Niliandika kwa haraka, usiku, nikiwa na majonzi. Niliandika kwamba alizaa watoto saba, akawalea katika njia njema, na alikuwa mama wa nyumbani. Chama kilileta mwakilishi, akatoa pole kwa kuondokewa na “mke wa balozi wetu wa zamani”. Nikaitikia kwa kichwa. Ni mdogo wangu wa kike, tulipokuwa tukipanga vitu vya marehemu siku ya tatu, aliyelitoa daftari lile chini ya sanduku la khanga. Alilifungua kwenye ukurasa wa kaya kumi na mbili, akanipa bila kusema neno.

Nimefundisha historia ya Ujamaa kwa zaidi ya miaka 20. Nimesahihisha mamia ya insha juu ya Azimio. Sikuwahi kufundisha kutoka kwenye daftari hilo, kwa sababu nami nilikuwa nimeamini kilichosemwa kikaoni, kwamba lilikuwa orodha iliyoandikwa vibaya. Muhula huu litakuwa somo la kwanza. Nitawaonyesha wanafunzi mistari miwili iliyokatwa kwa wino mwekundu, na majina ya penseli ambayo bado yanasomeka chini yake.